BASI LA UMMA NJIA YA MARAFA: NANI ATALIPA?



Katika mkutano wa mwisho wa tawi letu palitokea maneno mengi, na mengine yalikuwa makali, juu ya jambo moja: Je, Serikali ya Kaunti iombwe kuleta basi la umma katika njia ya Marafa mpaka Malindi? Ndugu zetu wanaofanya kazi katika mahoteli ya Malindi, na wale wanaoshuka Gongoni kwa kazi ya chumvi, walipiga makofi. Ndugu zetu madereva na makanga wa matatu, ambao pia ni wanachama na hulipa ada kama wengine, wakasimama wakauliza, "Na sisi tule wapi?" Mkutano ulifungwa bila uamuzi. Kamati ikatutaka sisi tunaoandika gazeti hili tulitazame jambo lenyewe na kutoa maoni kabla ya kupiga kura. Haya ndiyo maoni yetu. Asiyekubaliana nayo na aje mkutanoni aseme.

HALI ILIVYO

Watu wa mbali wanaijua Marafa kwa sababu ya Nyari, lile korongo jekundu ambalo wageni huliita Hell's Kitchen. Mgeni huja na gari lake, hutazama, hupiga picha, hurudi pwani jua likitua. Mgeni hajui shida ya njia ile. Anayeijua ni mama aliyeandikiwa barua na mganga ampeleke mtoto hospitali ya Malindi, naye yuko kituoni tangu alfajiri akingoja gari lijae. Anaijua mpishi ambaye akichelewa nusu saa hukatwa mshahara wa siku. Anaijua mkulima wa mananasi ambaye mzigo wake hauwezi kungoja mpaka kesho.

Gari letu halina saa. Saa yake ni kujaa. Likijaa saa kumi na moja linaondoka saa kumi na moja, na likijaa saa mbili linaondoka saa mbili. Mvua ikinyesha nauli hupanda, na ikinyesha zaidi gari haliji kabisa, tukabaki na bodaboda. Siku ya mazishi makubwa au ya kufungua shule, nauli ni ile atakayoisema mwenye gari.

Lakini tusidanganyane. Lawama ya mambo haya huwaangukia dereva na makanga, na hapo tunakosea. Makanga hakupenda kumngojesha mama yule. Jioni mwenye gari anataka hesabu yake kamili. Mafuta ni juu ya dereva na makanga. Wanayopewa njiani kwa njia zisizo halali ni juu yao vile vile. Kinachobaki ndicho chakula chao. Wakiondoka na viti vitano vitupu, wametoa viti vitano kutoka katika sahani za watoto wao. Kanuni za magari ya abiria za mwaka 2014 zinataka mwajiri amwandikie dereva na makanga mkataba na amlipe mshahara wa mwezi. Kila makanga anayesoma ukurasa huu na ajiulize: Mkataba wangu uko wapi? Akiba yangu ya uzeeni inapelekwa na nani?

Kwa hiyo ubaya ni wa mpango wenyewe, hata kama watu waliomo si wabaya. Mpango ambao kila senti ya njia lazima itoke mfukoni mwa abiria wa siku ile utamngojesha abiria na utamkamua mfanya kazi, hata akiwekwa malaika ashike usukani.

TUMEPITA WAPI

Wako wanaosema basi la Serikali ni jambo jipya. Si jipya. Wako wanaosema lilijaribiwa likashindwa, basi yameisha. Hao nao wamesema nusu ya habari. Tutazame habari yenyewe.

Kenya Bus Service ilianza Nairobi mwaka 1934, nayo ilikuwa mali ya kampuni ya Kiingereza. Mwaka 1966 Baraza la Mji wa Nairobi lilipewa robo ya hisa, na kampuni ikapewa haki ya kuendesha mabasi ya mji peke yake. Shabaha ilieleweka: kampuni ilindwe isishindanishwe, nayo ihudumie hata mitaa isiyo na faida kubwa. Lakini mji ulikua kuliko mabasi. Watu walikaa mbali ambako basi halikufika, na matatu yakafika. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliyaruhusu matatu yabebe abiria bila leseni ile waliyotakiwa kuwa nayo wenye mabasi. Tangu siku hiyo kampuni ilibaki na masharti, na mshindani wake hakuwa na masharti. Basi lilitakiwa kuondoka kwa saa hata likiwa tupu, na matatu lilichukua abiria waliojaa kituoni na kuwaacha waliobaki. Mwaka 1991 Stagecoach ya Uingereza iliinunua kampuni, na mwaka 1998 ikaiuza ikaenda zake.

Katikati ya mambo hayo, mwaka 1986, Serikali yenyewe iliingia barabarani na Nyayo Bus. Wazee wetu wanayakumbuka mabasi yale na vijana wa National Youth Service waliokuwa makondakta na madereva wake. Nauli ilikuwa nafuu, na makanga alivaa sare akakata tiketi. Watu waliyapenda. Lakini mengi ya mabasi ya kwanza yalikuwa msaada wa nchi za Ulaya, aina mbalimbali kutoka nchi mbalimbali. Ilipofika katikati ya miaka ya tisini huduma ilikuwa imekufa.

Huzuni yetu ni ya nini? Mabasi yaliyopewa bure hayaonyeshi gharama yake siku ya kwanza. Mtu aliyepewa ng'ombe bure huona maziwa yote ni faida, mpaka siku ng'ombe anapozeeka naye hakuweka shilingi ya kununua mwingine. Tena gari la nchi hii linataka spea ya nchi hii, na la nchi ile spea ya nchi ile. Karakana ikawa na magari mengi yaliyolala kuliko yanayotembea. Uendeshaji mbaya ulikuwako, hatukatai. Lakini hata mwendeshaji mwema hawezi kununua basi jipya kwa akiba ambayo haikuwekwa.

NDUGU ZETU WA TANZANIA

Huko Dar es Salaam jambo lilikwenda njia nyingine likafika mahali pale pale. Kampuni ya DMT ilitaifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 kazi iligawanywa: Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, ikashika mabasi ya mji, na KAMATA ikashika ya safari za mikoani. Serikali iliweka nauli ya chini ili mfanya kazi amudu, na hilo lilikuwa jema. Kisha bei ya mafuta ikapanda duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Vita vya Kagera vikaja, fedha za kigeni zikaadimika, spea zikawa taabu. Gharama zilipanda na nauli haikupanda sawa nazo, wala Serikali haikulipa pengo lile kwa ukamilifu. Mabasi yakapungua mwaka hata mwaka, na watu wakapanga foleni.

Mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yakaruhusiwa. Nauli ya shilingi tano, iliyokuwa ikiitwa dala, ndiyo iliyoyapa jina la daladala. Abiria akapata gari, lakini mfanya kazi wa gari lile akapata nini? Akapata hesabu ya kila siku, kazi ya saa nyingi, na tajiri anayeweza kumfukuza kwa neno moja. Hali yake ni ile ile ya ndugu yetu wa hapa Marafa.

Mwaka 2016 Dar es Salaam ilianza tena kwa mabasi ya mwendo kasi, yenye barabara yake yenyewe kutoka Kimara mpaka Kivukoni. Barabara ni nzuri na safari ni fupi. Hata hivyo karakana iliwekwa bonde la Jangwani, na mafuriko yakaingia yakaharibu mabasi. Abiria wakarudi katika foleni kwa sababu mabasi yalikuwa machache kuliko watu. Tunalitaja jambo hili si kwa kuwacheka ndugu zetu. Tunalitaja kwa sababu sisi wa bonde la Sabaki tunayajua mafuriko, na mtu akituambia karakana itajengwa hapa au pale, swali la kwanza liwe: Maji hupita wapi?

HESABU YA BASI MOJA

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo mikutano mingi huzimika. Tunataka kila mwanachama aweze kuifanya hesabu hii mwenyewe kwa kalamu. Tarakimu hizi ni mfano tu, hazikutoka katika vitabu vya kampuni yo yote. Anayejua bei bora na aziweke zake.

Tuseme basi lina viti 50 na nauli ni shs. 200/-. Asubuhi linashuka limejaa, watu 50. Linarudi na watu 10. Saa za mchana linashuka na 15 na kupanda na 15. Jioni linashuka na 10 na kupanda limejaa, watu 50. Jumla ni watu 150, na pato la siku ni shs. 30,000/-.

Matumizi je? Tuseme linatembea kilomita 240 kwa siku na kunywa lita 80 za dizeli kwa shs. 180/-. Hiyo ni shs. 14,400/-. Madereva wawili na makondakta wawili wa zamu, shs. 6,000/- kwa wote. Tairi, bima na matengenezo, shs. 4,500/-. Jumla shs. 24,900/-. Zimebaki shs. 5,100/-.

Hapo mtu asiyejua atasema, faida hiyo! Ngoja kwanza. Basi lenyewe, tuseme, limenunuliwa shs. 10,000,000/- na litadumu miaka kumi likitembea siku 300 kwa mwaka. Basi kila siku lazima tuweke kando shs. 3,333/- ili siku likifa tununue jingine. Zimebaki shs. 1,767/-. Kama lilinunuliwa kwa mkopo, riba itazila hizo zote na kutaka zaidi.

Sasa wanachama wanasema nauli ishuke iwe shs. 150/-. Ni haki yao kusema. Pato litakuwa shs. 22,500/-. Matumizi ni yale yale. Tumepungukiwa shs. 2,400/- kila siku, na tukiweka akiba ya basi jipya tumepungukiwa shs. 5,733/-. Kwa mwaka ni karibu shs. 1,720,000/- kwa basi moja. Ukiigawa kwa abiria, ni kama shs. 38/- kwa kila mtu kila safari.

Shs. 38/- hizo ndizo ugomvi wote. Wako wanne tu wanaoweza kuzilipa. Anaweza kuzilipa abiria, kwa nauli ya juu. Anaweza kuzilipa mfanya kazi wa basi, kwa mshahara mdogo na saa nyingi. Hivyo ndivyo ilivyo leo. Linaweza kuzilipa basi lenyewe, kwa kunyimwa tairi, kunyimwa fundi na kutowekewa akiba, mpaka life. Na hivyo ndivyo tunavyoona Nyayo na UDA zilivyokwenda. Au zinaweza kulipwa na umma wote kwa kodi, waziwazi, zikiandikwa katika bajeti. Hakuna mlipaji wa tano. Kiongozi akija kutuahidi nauli ya chini bila kutaja mlipaji, ametuahidi basi la miaka mitatu.

JE, NI HAKI UMMA ULIPE?

Wako watakaosema si haki mtu asiyepanda basi alipie basi. Sisi twasema: Watazame feri ya Likoni. Mtu wa miguu anavuka bure na magari yanalipa. Huduma ile ilikuwa chini ya Kenya Ferry Services tangu mwaka 1989, na baadaye ikaenda chini ya Mamlaka ya Bandari. Fedha za nauli za magari hazikutosha kuiendesha, na Serikali ilitia mkono. Hakuna anayesema Likoni iwatoze watu wa miguu kwa sababu watu wa Turkana hawavuki. Kila mtu anaelewa kwamba wafanya kazi wasipovuka, Mombasa haifanyi kazi. Wala msiba wa Mtongwe wa mwaka 1994, uliochukua zaidi ya roho 270, usisahauliwe: huduma ya umma isiyosimamiwa inaua. Bei nafuu peke yake haitoshi.

Tena sisi wa Marafa tayari tunalipa. Katika kila lita ya mafuta mna ushuru wa matengenezo ya barabara, ambao mwaka 2024 ulipandishwa kutoka shs. 18/- mpaka shs. 25/-. Kodi ya VAT juu ya mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 mpaka 16 mwaka 2023. Makanga huziweka hizo ndani ya nauli. Mama yule wa kituoni, asiye na gari wala baiskeli, analipa kodi ya mafuta kila anaposhuka Malindi. Ushuru wa barabara kwa sheria ni wa barabara, hatusemi uchukuliwe ununue mabasi. Twasema tu mtu asije akatuambia kwamba abiria wa Marafa wanaomba sadaka.

Tutazame na wengine. Rwanda ilikuwa na shirika la umma, ONATRACOM, lililopeleka mabasi hata vijiji vya njia mbaya. Lilipodhoofika, mwaka 2016 iliundwa kampuni nyingine, RITCO, Serikali ikiwa na hisa ndani yake. Hawakusema njia za vijijini ziachwe. Vile vile Serikali ya huko ilianza kuchangia nauli mwaka 2020, na Machi 2024 ikaacha, nauli zikapanda. Somo ni la pande mbili: ruzuku inawezekana hata katika nchi isiyo tajiri, na ruzuku isiyolindwa yaweza kuondoka kwa tangazo moja.

Uingereza nao, waliotuuzia fikira kwamba mabasi ni biashara tu, waliyaachilia mabasi ya miji yote nje ya London kwa makampuni mwaka 1986, mwaka ule ule wa Nyayo Bus. Miaka thelathini na saba baadaye, Septemba 2023, Manchester ilianza kuyarudisha chini ya mamlaka ya umma, na Januari 2025 kazi ikakamilika. Sasa umma ndio unaopanga njia, saa na nauli, na makampuni yanalipwa kuendesha. Kama mwalimu amebadili somo, mwanafunzi asilazimishwe kukariri la zamani.

NI KAZI YA NANI?

Si lazima tuandike barua Nairobi. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya uchukuzi wa kaunti, na ndani yake imetaja usafiri wa umma wa barabarani. Kaunti zipo tangu mwaka 2013. Kwa hiyo tukiomba basi hatuombi hisani. Tunaomba kazi iliyoandikwa ifanywe.

MASHARTI YETU

Sisi tunaoandika gazeti hili tunaunga mkono basi la umma, lakini si kwa kila sharti. Tunashauri mkutano ulikubali kwa masharti haya, na kama hayakutimizwa, Chama kilikatae:

1. Pengo kati ya nauli na gharama liandikwe katika bajeti kwa jina lake, kila mwaka. Lilipwe kwa kilomita zilizotembewa kweli, na lilipwe kwa wakati. Isiwe fedha ya kuombwa kila basi linapokosa dizeli.

2. Akiba ya kununua basi jipya iwekwe katika akaunti yake peke yake, na mtu asiiguse kwa mshahara, kwa semina wala kwa sherehe.

3. Magari yawe ya aina moja, na ya aina ambayo spea zake zinapatikana Mombasa. Msaada wa gari la aina nyingine ukija, tushukuru na tukatae.

4. Basi moja si huduma. Likiharibika, huduma imekufa siku hiyo. Yaanze mabasi matatu: mawili njiani na moja la akiba. Afadhali njia moja yenye saa za kuaminika kuliko njia tano za kutangazia kura.

5. Basi liondoke kwa saa iliyoandikwa, limejaa au halikujaa. Bila sharti hili tumenunua matatu kubwa.

6. Hakuna kupanda bure kwa sababu ya cheo, udugu au sare. Mwanafunzi na mgonjwa wakipunguziwa, Kaunti ilipe tofauti yao.

7. Katika halmashauri ya mabasi wawemo mjumbe wa wafanya kazi na mjumbe wa abiria, waliochaguliwa na wenzao. Hesabu ibandikwe ukutani Marafa na Malindi kila miezi mitatu: pato, matumizi, kilomita, na akiba.

8. Madereva na makanga wa njia hii waajiriwe kwanza, kabla ya mtu yo yote wa nje, kwa mkataba na mshahara wa mwezi.

KWA NDUGU ZETU WA MATATU

Tunataka kusema nanyi bila kupindisha. Mlipouliza "tule wapi", mliuliza swali la haki, na wale waliowazomea walikosea. Chama hakiwezi kununua nafuu ya mwanachama mmoja kwa njaa ya mwingine. Ndiyo sababu sharti la nane limo, na kwetu sisi lina uzito sawa na la kwanza.

Hata hivyo hatuwezi kuwaambia kwamba wote mtapata nafasi. Mabasi matatu hayataajiri kila mtu anayeishi kwa njia ile. Wengine watabaki katika matatu, na matatu yatakuwapo, maana asubuhi moja basi halitoshi na ziko njia za ndani ambazo halitafika. Tunachotaka ni kwamba yabaki kwa sheria moja na basi: mkataba, mshahara, saa za kazi. Tumeona yaliyotokea mwaka 1973, mmoja alipofungwa kwa masharti na mwingine akaachiwa. Basi lilikufa, na mfanya kazi wa matatu hakutajirika. Aliyetajirika ni mwenye gari.

Ninyi mnacheka mkisikia neno mshahara wa mwezi katika kazi ya gari. Zamani watu walicheka vile vile. Lakini wafanya kazi wa usafiri ndio waliokuwa mbele katika nchi hii. Fred Kubai alitoka katika chama cha wafanya kazi wa usafiri, na pamoja na Makhan Singh waliunda East African Trade Union Congress mwaka 1949, wakati ambapo kufanya hivyo kulimpeleka mtu kizuizini. Wao hawakuambiwa kwamba inawezekana. Basi la umma lenye dereva wa mshahara likipita kila siku mbele ya macho ya mwenye gari, madai yenu yatakuwa na mfano wa kuonyeshwa kwa kidole. Leo hayana.

KWA WANAOSEMA SERIKALI HAIWEZI

Wanasema, "Serikali imeshindwa na zahanati, itaweza basi?" Tunajibu kwamba hofu hii ni ya kweli, nasi tunayo. Ndiyo maana masharti yetu mengi ni ya hesabu na usimamizi. Lakini mtu anayesema umma hauwezi kuendesha cho chote atuambie pia nani atapeleka gari saa kumi na moja alfajiri katika njia ambayo viti kumi tu vina watu. Mfanya biashara hatapeleka, na hatumlaumu, maana hesabu tuliyoifanya juu pale na yeye anaijua. Kama umma hauwezi na mfanya biashara hataki, jibu lililobaki ni kutembea kwa miguu.

NINI KIFANYWE SASA

Bajeti ya Kaunti haiandikwi mwezi wa Juni kama watu wengi wanavyodhani. Kwa sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012, karatasi ya mpango wa fedha hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio hupelekwa kabla ya tarehe 30 Aprili. Baada ya hapo, mambo mengi yameshapangwa. Wananchi wana haki ya kusikilizwa, na mikutano ya kuwasikiliza huitishwa. Tumekuwa hatuendi. Tunakwenda kwenye mikutano ya kura, ambako tunapewa kofia, na hatuendi kwenye mkutano wa bajeti, ambako fedha zinagawanywa.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama mambo matatu.

La kwanza: Kwa mwezi mmoja, kila mwanachama anayesafiri aandike saa aliyofika kituoni, saa gari lilipoondoka, na nauli aliyolipa. Daftari la mtoto linatosha. Karani wa tawi atazikusanya. Mbele ya wakubwa wa bajeti, madaftari hamsini yatasema kuliko hotuba yetu.

La pili: Ndugu zetu madereva waandike gharama za kweli za njia hii, lita, tairi na matengenezo, bila kutaja gari la nani. Hesabu yetu hapo juu ni ya mfano. Yenu itakuwa ya kweli, na hakuna mshauri wa kulipwa atakayekuja na nyingine bora kuliko ya mtu anayeshika usukani.

La tatu: Njoni mkutanoni mpige kura. Mtakubali masharti haya manane, mtayageuza, au mtayakataa. Lakini tusiende mbele ya Kaunti tukiwa makundi mawili, abiria huku na madereva kule. Wakituona hivyo watatupa basi moja la kuzindua kwa ngoma, lipigwe picha, na mwaka wa pili lilale uani likiota majani.

Haba na haba hujaza kibaba, na shs. 38/- ni haba. Kazi yetu ni kuhakikisha zinalipwa na anayestahili kuzilipa, mchana kweupe, na zimeandikwa.